Mkono Ulipolala: Mama Yetu, Hina na Mcheza Magongo wa Pittsburgh



Wiki hii hatukuleta mitindo ya mashela wala namna ya kuchanganya singo. Tumeleta jambo la nyumbani kwetu, ambalo tumekaa nalo kimya muda mrefu kwa sababu mwenyewe hakuwa radhi lisemwe. Sasa karuhusu. Amesema, "Waambieni, lakini msilie." Basi tutajitahidi.

Sisi ni ndugu watatu, wanawake watupu, na kaka mmoja aliyeko Kanada. Mama yetu ni mchora hina. Ukiwa umeolewa Unguja mjini miaka thelathini hii iliyopita, huenda viganja vyako vimepita mikononi mwake. Wapo aliowachora wakiwa wanawali, na leo anawachora binti zao. Sisi tulisomeshwa kwa hina hiyo. Sare za skuli, nauli, vitabu, vyote vilitoka kwenye koni ile ndogo ya karatasi ya nailoni.

Ilikuwa Mfunguo Mosi, siku ya nne baada ya sikukuu. Mnajua wenyewe mwezi ule ulivyo. Watu wamemaliza kufunga, harusi zimepangana kama foleni ya maji, na mchora hina hapati hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka tangu saa mbili asubuhi. Baada ya alasiri alikuwa na bi harusi wa tatu, sisi tunachora wapambe pembeni, na koni ikamtoka mkononi. Akaiokota. Ikamtoka tena, na safari hii ikaacha mstari mrefu kutoka kwenye ua la kiganja mpaka kifundo cha mkono cha bi harusi.

Mama akacheka. "Mkono umelala," akasema, lakini neno "umelala" lilitoka zito, kama mtu mwenye ulimi uliochomwa na chai. Tukamkanda kwa mafuta ya karafuu. Mmoja wa wageni akasema ni uchovu wa funga. Mwingine akasema ni jicho, kazi yake inatazamwa sana. Haikufika nusu saa mkono ukarudi, ulimi ukarudi, na Mama akaugeuza ule mstari ukawa shina lenye majani. Bi harusi alitoka ukumbini na hina nzuri, na mpaka leo hajui.

Dada yetu mkubwa alimnong'oneza, "Mama, twende hospitali." Mama alimtazama kwa jicho tunalolijua. "Nende hospitali, shughuli ya watu nimwachie nani? Na wakisikia mchora hina kaangusha koni kwenye harusi, nani ataniita tena?" Tukanyamaza. Tulikuwa watatu, watu wazima, wenye simu na nauli, na tukanyamaza sote.

Usiku alikula vizuri. Taa tulizima saa tano. Alfajiri hakuamka kuswali, jambo ambalo hatukumbuki kuliona maishani. Tulipoingia chumbani, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia, ule mkono, ulikuwa umelala pembeni yake kama kitu cha mtu mwingine.

Hospitalini daktari alituuliza swali moja kabla ya yote: "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Tukatazamana. Saa tano usiku. Ilikuwa imeshafika saa moja asubuhi. Hakuna aliyejua kama lilimpata saa sita au saa kumi. Daktari akauliza tena, "Na kabla ya hapo, hakuna dalili yoyote mliyoiona?" Dada yetu wa kati ndiye aliyemsimulia habari ya koni. Daktari aliweka kalamu chini. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba kile cha jana kilikuwa kiharusi kilichokuja kikapita, na kwamba kikija kikapita huwa mara nyingi kinatangulia kikubwa, wakati mwingine kwa saa chache tu.

Maneno yale tumelala nayo usiku mwingi.

Kaka yetu alikuwa akipiga simu kutoka Toronto kila siku. Kule alikohamia, majira ya baridi ni marefu, na yeye kama wengine kazoea kutazama mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Si magongo ya uwanja wa nyasi tunayoyajua sisi. Wachezaji wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza kwa kasi, wanagongana mpaka ukutani. Siku moja, Mama akiwa kitandani amegeukia ukuta na hataki kuzungumza na mtu, kaka akasema, "Niwekeeni spika. Nataka nimhadithie Mama habari ya mtu."

Mtu mwenyewe anaitwa Kris Letang. Alizaliwa Montréal mwaka 1987, na tangu aingie katika ligi kubwa ya NHL mwaka 2006 hakuwahi kuichezea timu nyingine isipokuwa Pittsburgh Penguins. Ni beki. Kombe la Stanley, ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwao, amelitwaa mara tatu, 2009, 2016 na 2017, na lile la 2016 bao la ushindi alilifunga yeye.

Lakini kaka hakuanza na makombe. Alianza na asubuhi moja mwishoni mwa Januari 2014. Letang alikuwa na miaka 26, mwili wake kazi yake ni kukimbia na kugongana, na mkewe, Catherine, alimkuta ameanguka sakafuni. Kizunguzungu na kichefuchefu ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvipa jina lolote. Anaweza kusema ni mafua, ni uchovu, ni chakula. Zilipita siku kabla ukweli haujajulikana. Tarehe 7 Februari timu yake ilitangaza kuwa kilichompata ni kiharusi. Kiharusi, kwa kijana wa miaka 26.

Madaktari walipotafuta chanzo, walimkuta na tundu dogo moyoni ambalo alizaliwa nalo. Hapa sisi wanawake tusikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linaanzia tumboni mwetu. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa anaipata kupitia damu ya mama, kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo moyo wake una kijilango kati ya chumba cha juu cha kulia na cha kushoto, ili damu ipite bila kuzunguka mapafuni. Mtoto akishazaliwa na kulia kile kilio cha kwanza, mapafu hufunguka na kijilango kile hujifunga. Subhanallah. Lakini kwa watu karibu mmoja katika kila wanne hakifungi sawasawa, na wengi wao wanaishi mpaka uzeeni bila kujua na bila kudhurika.

Kwa wachache ndio huleta mtihani. Damu ikiganda kidogo mguuni, kwa kawaida donge lile hupanda mpaka mapafuni na huchujwa huko. Palipo na tundu, donge linaweza kukatisha njia, likavuka upande wa pili wa moyo na kupanda moja kwa moja kwenye ubongo. Likiziba mshipa huko, sehemu ile ya ubongo inakosa damu, na mkono au mguu au ulimi unaotegemea sehemu ile unanyamaza.

Letang alikaa nje zaidi ya miezi miwili. Watu waliuliza kama atacheza tena, na walikuwa na haki ya kuuliza. Mwenye kiharusi mara nyingi hupewa dawa za kuzuia damu isigande, na mtu anayetumia dawa hizo akigongwa kichwani au ukutani anaweza kuvuja damu isikatike. Ni dawa na mchezo visivyokaa pamoja. Alirudi Aprili mwaka ule ule.

Miaka ikapita. Tarehe 28 Novemba 2022, akiwa na miaka 35, kiharusi kikamrudia. Mara hii ndiyo iliyotugusa sisi. Alipata maumivu makali ya kichwa, na hakukaa nayo. Aliwaambia watu wa timu, akapelekwa hospitali, akapimwa, ikajulikana. Madaktari walisema cha mara hii kilikuwa chepesi kuliko cha kwanza. Tarehe 10 Desemba, siku 12 baadaye, alikuwa uwanjani dhidi ya Buffalo.

Mtihani haukuishia hapo. Mwaka ulipokuwa ukigeuka, baba yake mzazi akafariki. Aprili 2023 akatimiza mechi 1,000. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Bill Masterton, ambayo hutolewa kwa mchezaji aliyeonyesha ustahamilivu, na imepewa jina la mchezaji aliyefariki mwaka 1968 kwa jeraha la uwanjani. Na lile tundu la moyo lilikuja kufungwa kwa upasuaji Aprili 2025.

Siku ile simuni Mama alisikiliza yote bila kusema neno. Kaka alipomaliza alidhani amelala. Kisha Mama akauliza, kwa ule ulimi wake mzito, "Huyo mkewe, alipomkuta chini, alifanya nini?"

Kaka hakuwa na jibu refu. Alisema tu kwamba hakumwacha pale, na kwamba mambo hayakufichwa.

Mama akanyamaza tena. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyewaziba midomo nyinyi." Lilikuwa jambo la kwanza kulizungumza tangu alazwe ambalo halikuwa kuomba maji. Sisi tukalia, yeye akatukataza.

Wapenzi, tusidanganyane. Siku 12 za Letang si siku za kila mtu. Yeye ni mwanamichezo, ana madaktari wanaomfuata kila anakokwenda, na kiharusi chake cha pili kilikuwa chepesi. Mama yetu ana miaka zaidi ya sitini, na alikuwa na presha ambayo hakuna aliyeijua, kwa sababu hakuna aliyeipima. Kwake mwezi wa kwanza ulikuwa wa kujifunza kukaa. Mwezi wa pili, kusimama. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kumpa donge la unga wa chapati alikande kwa mkono wa kulia, kisha sahani ya karafuu azihamishe moja moja. Karafuu ishirini zilikuwa zinachukua saa nzima. Kuna siku aliipiga sahani zikasambaa chumba kizima, na tukaziokota bila kusema kitu.

Kilichouma zaidi hakikutoka mwilini. Kilitoka nje. Habari ilipoenea, familia moja iliyokuwa imeshatoa arbuni ilikuja kuidai. Tulipowaambia kwamba sisi mabinti tutaichora kazi yao, wakasema hapana, mkono ulioinuliwa kwa kazi hii umepooza, wanaogopa nuksi isije ikamfuata mtoto wao kwenye ndoa. Walisema hayo mlangoni, na Mama yuko ndani anasikia. Tukawarudishia fedha yao. Usiku ule Mama akasema tuchome mikeka na tuuze vyombo vya hina.

Hatukuchoma. Lakini tulianza kugombana. Sisi tulitaka apumzike moja kwa moja. Tulimwambia kazi amefanya, watoto amelea, sasa akae barazani ale na aswali. Yeye, siku zilivyosonga na vidole vilivyoanza kumsikiliza, akataka koni. Tukamficha koni. Ndiyo, tulimficha mama yetu koni ya hina kama mtoto anavyofichwa wembe. Kaka ndiye aliyetuzindua kutoka huko mbali. Alisema kwamba Letang naye watu walikuwa wakimwambia mengi, lakini uamuzi ulikaa kwake na kwa madaktari wake, si kwa woga wa watazamaji.

Basi tukaenda kumuuliza daktari badala ya kuulizana wenyewe. Akasema hina haina hatari, tena ni zoezi zuri. Hatari ni presha, ni kukaa siku nzima bila kunyanyuka, ni kuacha dawa ukijiona mzima. Tukakubaliana na Mama masharti. Kidonge kila asubuhi. Presha inapimwa na kuandikwa kwenye daftari. Kila saa ananyanyuka na kutembea. Na bi harusi hawazidi wawili kwa siku, hata Mfunguo Mosi.

Sasa tuseme na nyinyi, hasa mabibi harusi watarajiwa, maana ndani ya pilikapilika za harusi ndimo sisi tulimopotelea.

Kwanza, zijueni dalili. Mwambie mtu atabasamu, utazame kama mdomo umekwenda upande. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie aseme sentensi moja, usikilize kama maneno yanakwama. Likiwepo hata moja, tazama saa na uikumbuke, kisha hospitali. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya ubongo. Ndiyo maana daktari anauliza saa. Usimpe chakula wala maji, huenda hawezi kumeza. Usimpe aspirini ya nyumbani, kwani kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka, na dawa hiyo inazidisha kuvuja.

Pili, dalili zikipita zenyewe, usiseme alhamdulillah ukakaa. Sema alhamdulillah ukiwa njiani kwenda hospitali. Kile kilichopita ndicho kinachokupa nafasi.

Tatu, kiharusi si maradhi ya wazee peke yao. Wewe unayeolewa mwezi ujao, pima presha. Ukitaka kutumia vidonge vya uzazi wa mpango, mweleze daktari kama una presha au kama kichwa kinakuuma kwa kutanguliwa na vimulimuli machoni, kwa sababu vidonge vya aina fulani na hali hizo havipatani. Na ukijifungua, ndani ya arobaini yako, kichwa kikikuuma vikali kuliko ulivyozoea au macho yakaona giza, usingoje kungwi aje na mafuta. Nenda.

Nne, hili ni la ndoa yenyewe. Msifichane maradhi. Wanaume wetu wanaficha wasionekane dhaifu, na sisi tunaficha tusionekane mzigo, au shughuli isiharibike. Dua tunaomba, na tumefundishwa pia tujitibu. Hayo mawili hayajawahi kugombana, ni sisi tunaoyagombanisha. Shughuli ya harusi ikisimama nusu saa hakuna anayekufa. Sisi tuliiogopa nusu saa ile, na Mama akailipa kwa mwaka mzima.

Mwezi wa Mfunguo Mosi uliofuata, binti wa dada yetu mkubwa aliolewa. Mjukuu wa kwanza wa Mama. Wageni walipofika siku ya hina walimkuta Mama amekaa juu ya mkeka wake wa zamani, koni mkononi. Alichora kiganja kimoja tu, cha kulia. Kilimchukua muda wa viganja vinne. Mistari ilikuwa na mtetemo kidogo, ukitazama kwa karibu unauona. Kiganja cha kushoto tulichora sisi, na kilinyooka vizuri.

Bi harusi wetu, picha zote alizopiga siku ile, ameonyesha kiganja cha kulia.

Letang naye, baada ya ule upasuaji, msimu uliofuata alirudi kwenye barafu. Kaka akipiga simu, Mama humuuliza, "Yule mtu wako wa magongo hajambo?" Kaka akisema hajambo, Mama hujibu, "Na mimi sijambo, mwambie." Kisha hunyoosha mkono apimwe presha, na mmoja wetu huandika kwenye daftari.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu wote, na awape wanaowauguza subira. Tukutane wiki ijayo, In shaa Allah, na safari hiyo tutaleta singo.